Timu ya taifa: kocha abebe mwenye fomu au mwenye jina?

Baba Gia: Jamani nina swali moja tu, msinitoe kwenye reli. Kocha wa timu ya taifa akichagua watu wa mbio za baiskeli za barabarani aangalie nini, fomu ya wiki hizi au jina na pointi za mwaka mzima? Maana nafasi zenyewe za kugombania. Mashindano ya dunia nchi kumi za juu upande wa wanaume zinapeleka wanane, Olimpiki ndo balaa, Paris 2024 hata nchi kubwa mwisho wanne. Wanne! Hapo ukimbeba mtu kwa heshima ya zamani ushaua timu. Mimi nasema fomu, basi. Na asije mtu na ule mfano wa mwalimu wa hesabu wa Austria aliyechukua dhahabu Olimpiki ya Tokyo, ile ilikuwa bahati tupu, kundi lililala.

Dada Pedali: Bahati tupu eh. Uliiangalia ile mbio au ulisimuliwa? Anna Kiesenhofer alitoka pale pale bendera iliposhuka, kilomita sifuri, wakaenda watano, wa Namibia na wa Afrika Kusini wakiwemo, pengo likapita dakika kumi, zikiwa zimebaki kama kilomita 40 akawaacha mlimani wawili waliokuwa wamebaki naye, Plichta na Shapira, akapiga mwenyewe mpaka kwenye uwanja wa mbio za magari pale Fuji. Hana timu ya kumkokota, Austria walikuwa na nafasi moja tu na ndo hiyo yake, hana hata mkataba wa kulipwa. Na si mwalimu wa hesabu tu, ana udaktari wa hesabu. Ukitaka kumdharau mtu jua cheo chake kwanza.

Mzee Cheni: Baba Gia umeyatimba 😂

Siti Ngumu: Mimi najibu swali. Fomu ya lini? Mashindano ya dunia Kigali 2025, Jumapili ya kwanza mbio dhidi ya saa, kila mtu anaanza peke yake, Remco Evenepoel wa Ubelgiji kaanza dakika mbili na nusu nyuma ya Pogačar wa Slovenia, kamkuta barabarani kampita, mtu mzima Pogi hata medali hakuambulia. Nyie wa fomu siku ile mngeandika taarifa kabisa kwamba jamaa kaisha, Tour de France imemmaliza. Jumapili iliyofuata mbio za barabarani, kilomita 267 na vile vilima, Pogačar kashambulia mlima Mont Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya mia, Ayuso na Del Toro wakajaribu kwenda naye wakaachia mmoja mmoja, sitini na kitu za mwisho yuko peke yake. Waliofika mwisho thelathini tu. Sasa niambie fomu ungeisoma wapi.

Baba Gia: Pogačar si mfano, huyo muweke pembeni. Tunaongelea binadamu.

Mlima wa Pili: Umesema mfano wa Austria tusitaje, wa Pogačar tuuweke pembeni, si useme tu majibu unayoyataka tukuandikie.

Kijana Breki: Ila Slovenia wenyewe ndo wa kuulizwa kuhusu uteuzi. 2024 Urška Žigart bingwa wa taifa barabarani, bingwa wa taifa wa saa, mwaka huo huo, wakamwacha Paris. Pogačar naye akajitoa, akasema kachoka, baadaye akasema Žigart, ambaye ni mchumba wake, alistahili kwenda na kwamba kuachwa kwake hakukusaidia. Bingwa mara mbili unamwacha unatumia kigezo gani hapo?

Mzee Cheni: Kigezo cha kutojua anaishi na nani 😂😂

Kijana Breki: Mzee nimeandika jambo la maana.

Dada Pedali: Na hili la kusema "anaishi na nani" ndo tatizo lenyewe, dada kashinda jezi mbili za taifa kwa miguu yake nyie mnamtambulisha kwa mchumba. Halafu Olimpiki ile ile ilitoa jibu zuri kuliko wote hapa. Marekani nafasi moja ya barabarani ilikuwa ya Taylor Knibb, mtu wa triathloni aliyefuzu kupitia mbio za saa. Akaiachia, wakamwingiza Kristen Faulkner. Faulkner na Kopecky wakawakamata Vos na Kovács mwishoni, Faulkner akawapita wakiwa bado wanatazamana, dhahabu. Yaani dhahabu ya Marekani ilitoka kwa mtu aliyeingia kama mbadala. Vigezo vya makaratasi vingefuatwa mpaka mwisho angeiangalia kwenye TV.

Siti Ngumu: Hiyo inambeba Baba Gia lakini. Faulkner alikuwa na fomu.

Dada Pedali: Inambeba kwa swali, haimbebi kwa mdomo.

Mzee Cheni: Haya sasa niongee kwa akili. Mnabishana fomu na jina, mbona hamuulizi nani atafanya kazi? Ukipeleka wanane wote wana fomu umepeleka wafalme wanane. Mashindano ya dunia Leuven 2021, Ubelgiji wako kwao, barabara zao, mashabiki wao, mtu wao ni Van Aert, Remco kaamriwa kuchapa kazi. Alaphilippe wa Ufaransa kaondoka na jezi ya upinde wa mvua, ile ya bingwa wa dunia, mbele yao. Halafu Remco kaenda kwenye TV kusema alikuwa na miguu ya kushinda. Moto ukawaka wiki nzima. Hispania Florence 2013 vile vile, Purito, yaani Joaquim Rodríguez, yuko mbele, Mhispania mwenzake Valverde yuko nyuma na Rui Costa wa Ureno, Rui Costa kaondoka, Valverde kamwangalia tu. Ureno bingwa wa dunia, Hispania wamepanda jukwaani wawili wamenuna. Mimi kocha nachukua mwenye fomu mmoja, waliobaki nachukua punda. Punda nasema kwa heshima, mtu wa kuvuta kundi saa tano bila kuuliza medali iko wapi.

Mlima wa Pili: Hapa umenena. Ila punda hao pointi wanapata wapi? Nchi inapangwa kwa pointi za wakimbiaji wake, ukijaza watu wa kuvuta msimu mzima mwakani unashuka unapewa nafasi chache, hiyo fomu utaipakia kwenye nini?

Baba Gia: Nimenyamaza muda ila hili la "ulisimuliwa" limeniuma. Niliiangalia yote. Nasema bahati kwa sababu Waholanzi HAWAKUJUA kama kuna mtu mbele. Van Vleuten kafika mstarini kanyanyua mikono anajua kashinda, wa pili yule! Waliwakamata Plichta na Shapira mwishoni mwishoni wakadhani waliotoroka wote wamekamatwa. Mpinzani wako asipojua upo, hiyo kama si bahati ni nini?

Dada Pedali: Ni hesabu 🙂 Waliondoka watano, wamerudi wanne, baki ngapi? Waholanzi walikuwa na Van der Breggen, Vos, Vollering na Van Vleuten, wote majina, wote fomu, hakuna hata mmoja wa kuhesabu mpaka tano. Hiyo ndo timu ya ndoto yako ile.

Baba Gia: Hakukuwa na redio! Olimpiki hawaruhusu redio masikioni, mtu ana moyo 180 anapanda mlima unataka akumbuke nani alitoka kilomita sifuri?

Dada Pedali: Kwani Kiesenhofer alikuwa na redio? Sheria moja kwa wote.

Baba Gia: Aliye mbele redio ya nini, yeye anajua yuko mbele! Redio anaihitaji anayefukuza.

Siti Ngumu: Hapo kwa kweli ana pointi.

Kijana Breki: Hana. Magari ya timu yapo nyuma, unashuka unauliza, unarudi unawaambia wenzako. Zamani walikimbia hivyo hivyo. Na mashindano ya dunia nayo hayana redio, Kigali hawakuwa nazo, mbona hakuna aliyemsahau Pogačar mbele?

Mzee Cheni: Pogačar humsahau vipi, kakupita ukimwona.

Mlima wa Pili: Mimi redio zifutwe kote, hata Tour. Mkurugenzi wa timu yuko kwenye gari anaangalia runinga anamwambia mtu sasa kunywa maji sasa sogea kushoto, huo si mchezo.

Baba Gia: Kufuta kote ni wehu. Kuna ajali mbele, kuna mafuta yamemwagika kwenye kona, nani atakuambia? Mimi nasema zirudishwe Olimpiki na dunia, hata kama ni ile ya usalama tu, ya waamuzi.

Dada Pedali: Ya usalama sawa, hata mimi nakubali. Lakini ingekuwepo Tokyo isingewaambia Waholanzi kitu, mtu kuwa mbele si ajali.

Baba Gia: Kwa Waholanzi ilikuwa ajali.