Tangu niwe bosi sijitambui, tatizo ni mimi au ni ofisi?

Mleta mada: Wakuu habari, nina miezi 8 kwenye cheo. Idara ya zamani tulikuwa tunabishana kabisa na kazi inaenda, huku kikao kizima kimya, ukikosea kidogo inaandikwa imeili mpaka juu, sasa naogopa hata kusaini vitu ninavyovijua. Nyumbani wanasema nimekuwa mkali. Mazingira yanaweza kumbadilisha mtu hivi?

Jibu: Sana tu mkuu. Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake waliofanikiwa ila ndani wanajiona matapeli, na wanaume pia inawapata. Uwezo wako uko palepale, ila ukikaa sehemu ya kuviziana unaanza kujiangalia kwa macho ya wanaokuvizia.

Jibu: Pole ndugu, yalinikuta. Nilichofanya nilianza kusema "hapa nimekosea" mbele ya timu yangu, mwanzo walinikodolea macho tu, baadaye wakawa wanaleta makosa yao mapema kabla hayajaharibu kitu. Huko juu hawakubadilika lakini usingizi ulirudi.

Mleta mada: Asanteni. Hiyo ya kukiri inanitisha kweli, kesho nina kikao, nitaanza na ile ripoti niliyochelewesha.