Naomba ushauri: sensa ya volti 5 kwenye ESP32 ya volti 3.3

Wakuu, habari za kazi. Niko Igombe, Mwanza. Nafunga sensa ya unyevu DHT22 ndani ya kaushio la dagaa la sola, ili feni iwake yenyewe hewa ikijaa unyevu. Msimu wa mvua akina mama wanamwaga dagaa walioota ukungu, inauma sana.

Shida ni volti. Pini za ESP32, kompyuta ndogo inayosoma sensa, ni za 3.3, hazitakiwi kupokea 5. Sensa yenyewe inakubali 3.3, lakini waya wa kufika kwenye chanja ni mrefu na usomaji unakatikakatika. Nikiipa 5 inatulia, ila rezista iliyo kwenye kibao chake inavuta waya wa data hadi 5. Kugawa volti kwa rezista mbili nasita, maana waya huohuo ndio unaopeleka na kurudisha ishara.

Je, niifumue rezista hiyo niweke ya kilo-omu 4.7 kwenda 3.3 upande wa ESP32, au ninunue kibao cha kubadilisha volti chenye mosfeti (aina ya transista)? Na kwa waya mrefu hivyo, 4.7 itatosha au nishushe zaidi?