Chemchemi yetu inachafuka. Tupate wapi fedha zenye masharti nafuu?

Mtoto wa Milimani: Wakuu, habari za usiku. Naomba mawazo yenu, nina siku nne tu. Mimi ni katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu Mgeta, milima ya Uluguru. Kaya mia mbili na ushee tunategemea chemchemi moja. Tunataka kuijengea banio la mawe, mtaro wa kukinga maji ya mvua, uzio, na kupanda miti ya asili. Fundi kaandika milioni 9. Shilingi 50 tunazotoa kwa kila ndoo zinaishia kwenye koki na mabomba yanayopasuka. Mfadhili mmoja kajitokeza ila masharti yake ni magumu. Nani anamjua mwingine?

Mama Kitalu: Mwanangu, anza na miti. Mikaratusi usiikaribishe, inafyonza maji. Pandeni mikuyu na mizambarau. Kikundi chetu cha akina mama tulichukua ule mkopo wa halmashauri, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, tukafungua kitalu. Mwaka wa kwanza mbuzi wa jirani waliingia usiku mmoja wakamaliza miche yote, nililia kama nimefiwa. Ila sasa tunauza hadi mashuleni.

Fundi Koki: Mama, ule mkopo unarejeshwa, na chemchemi haiuzi nyanya. Mkuu, nendeni RUWASA, wakala wa maji vijijini, pale wilayani, halafu Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Mto Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar, kwa hiyo si shida ya kijiji chenu peke yenu. Hayo masharti magumu ni yapi?

Mtoto wa Milimani: Ya kawaida tu mkuu. Makaratasi mengi.

Fundi Koki: Makaratasi hayamnyimi mtu usingizi. Taja sharti.

Mtoto wa Milimani: Wanataka tuthibitishe hakuna shughuli ndani ya mita 60. Kuna banda la nguruwe, liko juu kidogo.

Fundi Koki: Juu kidogo ni mita ngapi? La nani?

Mtoto wa Milimani: Kama 35. La mjomba wangu.

Basi niseme yote. Mfadhili anadai mchango wa jamii wa milioni 2. Wananchi hawakufikisha hata laki tatu, mjomba akatoa zilizobaki. Fomu nimeshaijaza, na pale kwenye mifugo niliandika "hakuna". Iko kwa mtendaji, Jumatatu inagongwa muhuri. Kabla hamjanihukumu, huyu ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki. Ni nguruwe 14 tu. Na uzio ukishawekwa, uchafu si utapungua?

Neema Tele: Kumbe. Ulikuja kutafuta mfadhili asiyeuliza. Watoto wanaokunywa hayo maji nao wana wajomba, kaka.

Pwani Kwetu: Mwalike mjomba azindue mradi. Anywe glasi ya kwanza mbele ya watu tuone 😂

Fundi Koki: Uzio unazuia ng'ombe na watoto, hauzuii mkojo wa nguruwe unaopenya ardhini. Chemchemi inapokea kile kinachozama juu yake. Ukijenga banio zuri chini ya banda, umejengea kinyesi nyumba. Hizo mita 60 hazikubuniwa na mfadhili, zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Mmepima maji? Maji salama yanatakiwa yasiwe na hata bakteria mmoja wa kinyesi katika mililita 100.

Mjukuu wa Mluguru: Wazee wetu waligomea matuta ya ngazi ya mkoloni mwaka 1955 kwa sababu waliamriwa bila kusikilizwa. Mkimwendea mjomba na vifungu vya sheria, mtapata hayohayo. Na msidhani fedha ni jibu la kila kitu. Wakati wa mradi wa mashirika ya CARE na WWF huko Kibungo, hukuhuku Uluguru, wakulima walilipwa watunze udongo ili Ruvu isijae tope, na DAWASCO, waliokuwa wakisambaza maji Dar, pamoja na Coca-Cola walikuwa upande wa wanunuzi wa huduma hiyo. Wazo zuri sana, ila swali langu halijabadilika: mradi ukifungwa, nani anaendelea kulipa?

Jicho Kavu: Hii ni chai, tena haina tangawizi. Mfuga nguruwe anatoa karibu milioni 2 kulinda chemchemi anayoichafua mwenyewe? Subirini, kesho inakuja namba ya kuchangia.

Pwani Kwetu: Hata mimi nilishaanza kunusa majani.

Mtoto wa Milimani: Sijaomba senti ya mtu humu na sitaomba. Njoo Mgeta mvua ikishanyesha usiku. Ndoo ya kwanza ya alfajiri ina pumba zinaelea juu, pumba za mahindi, zilezile za kwenye hori la banda. Mama huzichuja kwa khanga kisha anabandika uji. Sijaona hilo kwa jirani, nimeliona jikoni kwetu. Mjomba katoa fedha kwa sababu na yeye anaiona pumba, hajui tu pa kuanzia kusema.

Mjukuu wa Mluguru: Jicho Kavu, mimi namwamini. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kumkatalia si jambo dogo.

Mama Kitalu: Mwanangu, samadi ya hao nguruwe inakwenda wapi?

Mtoto wa Milimani: Kwenye kabichi, mama. Bondeni, chini ya chemchemi. Wanaishusha kwa vichwa.

Mama Kitalu: Sasa si banda lishuke huko huko? Akina mama wapumzishe shingo zao. Usimwambie aache kufuga, mwambie samadi iko mbali na shamba. Na fedha yake mrudishie ahamishie banda.

Fundi Koki: Mama kamaliza. Mfadhili mwandikie ukweli: banda lipo, linahamishwa, tarehe hii. Mchango wa jamii si lazima uwe noti. Mawe, mchanga na siku za kuchimba mtaro vinahesabika, muulize.

Mtoto wa Milimani: Sakafu yake ni ya zege, aliimwaga mwaka jana. Itamuuma sana.

Mtoto wa Milimani: Nimetoka kwa mtendaji, fomu nimeichukua, iko hapa mezani. Mjomba bado sijamwambia. Ameniita Jumapili tuchinje.