NADH inanimalizia bajeti, nitumie seli nzima za bakteria?

Habari za jioni wakuu. Nipo Mtwara mjini, mradi wangu ni kugeuza asetofenoni kuwa alkoholi ya upande mmoja tu, ile ya S (maumbo yake ni mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto), kwa kimeng'enya cha alkoholi dehaidrojinesi. Kinachoniumiza ni NADH, ile molekuli inayokibebea kimeng'enya hidrojeni. Bei haishikiki, na kila molekuli ya ketoni, yaani asetofenoni yangu, inakula NADH moja. Tena ketoni yenyewe haitaki maji, lazima niweke kiyeyusho. Nasikia kuna wanaotia seli nzima za bakteria humohumo. Hazifi?

Kusini_Asili: Zinakufa, na wala hatujali mkuu! Hutafuti bakteria wa kuzaliana. Unatafuta kifuko chenye kimeng'enya pamoja na NAD+ yake ndani, yaani NADH iliyokwisha kutoa hidrojeni. Tafuta bakteria aitwaye Rhodococcus ruber. Kimeng'enya chake, ADH-A, kinavumilia isopropanoli hadi asilimia 50 ya ujazo. Na hapo ndipo utamu ulipo: kimeng'enya hichohicho kinaing'oa hidrojeni kwenye isopropanoli, NAD+ inakuwa NADH, NADH inaikabidhi ketoni yako. NADH kidogo iliyomo inazunguka kama bodaboda: inashusha, inapakia, inarudi. Hununui hata chembe.

BintiMikindani: Mbona asetoni huisemi? Isopropanoli ikishatoa hidrojeni inabaki asetoni, na mmenyuko huu unarudi nyuma. Ikijaa, kazi inakwama katikati. Isopropanoli iwe nyingi kuliko ketoni, tena nyingi haswa.

Mleta uzi: Asante dada. Na heksani je? Ipo kabatini.

Kusini_Asili: Itabeba ketoni, ila haitoi hidrojeni, kwa hiyo isopropanoli iko palepale. Kwa upole kwenye seli heksani iko vizuri, logP yake (kipimo cha kupenda mafuta kuliko maji) ni karibu 4. Wabaya kwa kawaida ni wale wa chini ya 2, wanaingia kwenye utando wa seli na kunyonya maji yanayokishikilia kimeng'enya. Usikaushe kila kitu kupita kiasi, bila maji kidogo kimeng'enya kinakakamaa.

Mleta uzi: Huku mashine ya kukaushia seli kwa baridi hatuna.

BintiMikindani: Achana nayo. Kuza, zungusha kwenye sentrifuji, osha, tia mbichi kwenye bafa (maji yanayotuliza pH) yenye isopropanoli. Iliyokaushwa faida yake kubwa ni kutunzika.

Babu_Ligula: Wataalamu, isopropanoli mvuke wake unashika moto kuanzia nyuzi 12 hivi. Mtwara nyuzi 12 mmeziona lini? Chupa ifungwe, na jiko la gesi litoke humo chumbani.