MJADALA: Redio za Bukavu zitenge nafasi kwa makabila yasiyosikika?

Mwana-Kadutu: Marekani, baada ya fujo za 1967, tume ya Kerner, iliyoundwa na serikali kuzichunguza, ilisema wazi kwamba vyombo vya habari vinaitazama nchi kwa macho ya Wazungu tu. Baadaye wahariri wakaweka lengo: ifikapo 2000, idadi ya weusi na jamii nyingine za wachache ndani ya redaksio, yaani vyumba vya habari, ilingane na sehemu yao katika nchi. Kwetu shida si rangi, ni kabila. Hapa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, tuna Bashi, Babembe, Bafuliru, Barega, Bahavu, Banyamulenge, Batwa. Ukisikiliza habari za jioni, unawasikia wangapi? Nafasi zitengwe.

Mzee wa Nguba: Lengo hilo waliliweka 1978, na 2000 ikafika hawajalifikia. Unatuletea dawa ambayo haikumponya mwenyewe? Mimi nilianza redio enzi za kaseti. Mtangazaji huchaguliwa kwa sauti na Kiswahili safi. Hatuwezi kuweka hewani mtu anayesoma habari kama anauza sambaza, vile visamaki vya ziwa, sokoni.

Mama Sambaza: Papa, kwa heshima yako. Mimi ndiye nauza sambaza Kadutu. Sauti hiyo imesomesha watoto wangu wanne. Ina kosa gani?

Mzee wa Nguba: Mama, sikukulenga wewe. Nasema lugha.

Binti Uvira: Safi ya nani? Katiba ya Kongo ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, haikusema cha Zanzibar. Redioni sisi wa Uvira tunaambiwa tunasema Kirundi.

Fundi Bagira: Lakini ni kweli mnavuta maneno, dada 😄

Binti Uvira: Na nyinyi Bashi mnayameza! Umeona? Hivi ndivyo tunavyochekwa mlangoni kabla ya kusoma hata mstari mmoja.

Mwana-Kadutu: Jamani, turudi kwenye mada.

Fundi Bagira: Mada ni mshahara. Mtu anafanya kazi miezi bila kulipwa, anaishi kwa kupaji, pesa kidogo anazopewa na waandaaji wa semina akienda kuitangaza. Anayeweza kuvumilia ni mtoto wa mjini anayekula kwa wazazi. Wa Shabunda, mbali kule, atalala wapi? Tengeni nafasi mia, hatakuja.

Kijana wa Kalehe: Mimi ni Mutwa. Babu yangu alitolewa msituni kwa ajili ya hifadhi ya Kahuzi-Biega. Sheria ya Kongo ya 2022 inalinda haki zetu sisi watu wa asili. Nilikwenda kuomba kazi redio moja. Mkubwa akaniuliza kama nitaweza kuvaa viatu kila siku. Sauti yangu hakutaka kuisikia. Nao wakitangaza habari za msitu ule, anahojiwa mlinzi wa hifadhi. Sisi tunaitwa «wakazi».

Fundi Bagira: Pole sana, ndugu. Ila huyo ni mtu mmoja mwenye roho mbaya.

Binti Uvira: Mtu mmoja? Ndiye anayechagua! Roho yake ndiyo mlango wa redio.

Mzee wa Nguba: Kijana, swali hilo ni aibu, na miaka yangu yote kazini sikuwahi kuona Mutwa mezani kwetu. Hilo sikulifikiria. Lakini msikilizaji lazima aelewe kinachosomwa, hapo sibadiliki. Mama wa sambaza, nisamehe.

Mama Sambaza: Nimekusamehe, papa. Ila njoo Kadutu uyarudie mbele ya wenzangu. Wote wamesoma ulichoandika, na wanakungoja tangu asubuhi.