Timu imetolewa Ligi ya Mabingwa Agosti, Septemba naiona tena Ulaya. Imekuwaje?

Mgosi wa Makorora

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Nina kibanda umiza hapa Makorora, mabenchi na skrini moja. Siku hizi naonyesha pia mechi za mchujo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, zile za Julai na Agosti ambazo vibanda vingi havina habari nazo. Watu hawajai kama siku ya Arsenal au Man U, ila wanaokuja wanakaa mpaka filimbi ya mwisho, na mimi mwenyewe zimeniingia moyoni.

Sasa kuna mzee mmoja, fundi baiskeli wa mtaa huu, hakosi. Agosti 2025 aliangalia Celtic na Kairat Almaty mechi zote mbili. Glasgow 0-0, Almaty 0-0, dakika za nyongeza hakuna kitu, matuta Kairat wakapita. Mzee akavaa kofia yake akasema Celtic hao basi, mpaka mwakani. Septemba anaingia kibandani anawakuta Celtic wanacheza Europa League! Kaniuliza mbele ya watu: mtu aliyetolewa anacheza nini tena?

Vijana nao wananibishia kwamba mechi hizi si UEFA (ndivyo wanavyoiita Ligi ya Mabingwa Ulaya), UEFA inaanza Septemba, kwa hiyo hawatoi kiingilio.

Naomba anayejua anieleze taratibu ili na mimi nikaeleze. Aliyetolewa anakwenda wapi, na kwa nini anapewa nafasi nyingine? Na kwa nini bingwa wa nchi nzima atoke jasho Julai wakati timu iliyoshika nafasi ya nne Uingereza imekaa inasubiri?

Barabara ya 12

Hilo la mwisho jibu lake ni pesa, mkuu. Wenye televisheni wanataka Madrid na Liverpool, hawataki bingwa wa Malta.

Kocha wa Chumbageni

Barabara ya 12, pesa ipo, lakini ukiishia hapo hujamsaidia mwenzetu, maana kuna hesabu inayofuatwa na mtu anaweza kuielewa.

Mgosi, nianze na hilo la nani anaanza lini. Tangu msimu wa 2024/25 hatua ya ligi, ile inayoanza Septemba baada ya mchujo, ina timu 36. Timu 29 zinaingia moja kwa moja, 7 zinatoka kwenye mchujo. Kila nchi inapangwa kwa matokeo ya klabu zake zote kwenye makombe ya Ulaya kwa misimu mitano. Nchi zilizo juu kabisa zinapata nafasi nne kila moja bila mchujo, na mabingwa wa ligi kumi za juu hawaguswi. Kuanzia hapo kushuka, bingwa anaanza kutafuta. Kadiri nchi yake ilivyo chini ndivyo anavyoanza mapema, na wa chini kabisa wanaanza Julai mwanzoni.

Lakini waambie vijana wako jambo hili: kati ya zile nafasi 7, nafasi 5 zimetengwa kwa mabingwa peke yao. Kuna njia mbili. Njia ya Mabingwa ni bingwa kwa bingwa tangu raundi ya kwanza hadi ya nne. Njia ya Ligi ni ya wale walioshika nafasi ya pili, ya tatu au ya nne kwenye nchi zao, na hiyo inatoa timu 2 tu. Hawakutani. Bingwa wa Azerbaijan hawezi kupangiwa timu ya Ufaransa au Ureno iliyokosa ubingwa kwao. Kwa hiyo kama mtu anataka kuona Ligi ya Mabingwa ambayo kila aliye uwanjani ni bingwa kweli, aje kibandani kwako Julai. Septemba hataiona.

Sasa swali la mzee. Ulaya ina makombe matatu: Ligi ya Mabingwa, Europa, na Conference ambayo ilianza 2021. Yamepangwa kama ngazi. Ukianguka kidato cha juu unadakwa na cha chini yake. Bingwa akitolewa raundi ya kwanza anapelekwa mchujo wa Conference. Akitolewa raundi ya pili anaingia mchujo wa Europa, raundi ya tatu. Akitolewa ya tatu anaingia raundi ya mwisho ya mchujo wa Europa. Akitolewa hiyo ya mwisho ya Ligi ya Mabingwa, kama Celtic, anaingia Europa yenyewe bila kucheza mchujo mwingine.

Nenda mbele kidogo. Bingwa aliyevuka raundi ya pili ameshajihakikishia soka la Ulaya hadi Desemba. Hata akifungwa ya tatu, halafu akafungwa tena kule Europa, anadondokea hatua ya ligi ya Conference. Ndiyo maana utaona mechi ya raundi ya pili, Julai, timu mbili ambazo hapa Tanga hakuna anayezijua, wachezaji wanalia dakika ya 90. Msimu mzima wa klabu umo kwenye ile mechi. Ukiwaeleza wateja hivyo kabla mpira haujaanza, wataiangalia kwa jicho jingine.

Mfano mzuri ni Shelbourne ya Dublin, msimu huohuo wa 2025/26. Raundi ya kwanza walimtoa Linfield, bingwa wa Ireland Kaskazini. Raundi ya pili wakatolewa na Qarabağ. Wakaenda Europa, Rijeka ya Croatia akawatoa. Wakashuka Conference, raundi ya mwisho kabisa, na pale wakamkuta nani? Linfield yuleyule, naye akiwa ameshuka kwa njia yake. Wakamtoa tena, wakaingia hatua ya ligi. Timu mbili jirani, kiangazi kimoja, makombe mawili tofauti. Mimi nafundisha watoto mpira hapa Chumbageni, na hadithi hii nawapa kila wakifungwa mechi ya kwanza ya mashindano.

Dada wa Raskazone

Kocha umeeleza vizuri sana, lakini moyo wangu unakataa. Aliyefungwa amefungwa. Shelbourne wamepoteza mara mbili na bado wanaitwa wamefuzu. Mtoano ni mtoano. Ukinipa nafasi ya pili na ya tatu, ile ya kwanza nitaichezaje kwa roho yote?

Ila kwenye hilo la vijana kusema si UEFA, nipo na Mgosi asilimia mia. Wawaulize kuhusu Mbwana Samatta. Agosti 2018 Genk, klabu yake ya Ubelgiji wakati ule, walikuwa kwenye mchujo wa Europa, wamepita kwa Fola Esch ya Luxembourg, wakapita kwa Lech Poznań, raundi ya mwisho wakakutana na Brøndby ya Denmark. Genk walishinda 5-2 nyumbani na Samatta alipiga tatu. Msimu huo ulioanzia huko kwenye mchujo ndio waliomaliza wakiwa mabingwa wa Ubelgiji, Samatta mfungaji bora wa timu. Ndipo 2019 wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa, na Novemba akaruka kwa kichwa pale Anfield akawafunga Liverpool. Kila mtu anaikumbuka Anfield. Mimi nakumbuka Brøndby, nilikuwa nafuatilia matokeo kwa simu huku nakaanga mihogo, na niliacha mafuta yakaungua.

Kocha wa Chumbageni

Dada yangu, nakuheshimu, na hoja yako ina uzito. Lakini angalia Sheriff ya Moldova 2021. Walianzia raundi ya kwanza, wakawatoa Teuta, Alashkert, Crvena zvezda na Dinamo Zagreb, mechi nane. Septemba wakaenda Bernabéu wakamfunga Real Madrid 2-1. Kulikuwa na kidato cha chini kinachowasubiri na bado walicheza kwa roho yote. Kuingia hatua ya ligi ya Ligi ya Mabingwa siku hizi ni euro milioni 18.62 kabla hujapiga hata pasi moja. Europa ni milioni 4.31. Hakuna anayeanguka kwa makusudi.

Na tuje nyumbani, maana hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 2024 Coastal Union yetu, baada ya kushika nafasi ya nne kwenye ligi, iliingia Kombe la Shirikisho Afrika. Ikapangwa na Bravos do Maquis. Angola tukafungwa 3-0, marudiano yakachezwa Dar es Salaam, uwanjani kwetu Mkwakwani hata hatukuwaona, ikawa 0-0. Kwisha. Mechi mbili, Agosti haijaisha, Wagosi wa Kaya wamerudi kwenye ligi. Vijana wale walikuwa wanajifunza mechi za kimataifa, na somo likakatwa siku ya kwanza.

Afrika nayo ilikuwa na kidato cha kudakia. Yanga 2022 walitolewa na Al Hilal ya Sudan kwenye Ligi ya Mabingwa, wakashushwa Shirikisho, wakaenda Tunis wakamtoa Club Africain, na safari ile ikawafikisha fainali ya 2023. Msimu uliofuata nafasi ile ikafutwa. Sasa niambie, Dada, Watanzania wangapi walilalamika kwamba Yanga hawakustahili fainali ile kwa sababu walishatolewa mara moja?

Barabara ya 12

Fainali ile usiitaje, Kocha. Dar tulifungwa 2-1 na USM Alger, kule tukashinda 1-0, jumla sare, kombe likaenda kwa bao la ugenini. Ulaya sheria hiyo waliifuta 2021!

Dada wa Raskazone

Kwa Coastal umenigusa. Kwa Afrika nakubali nafasi irudi, tena irudi haraka, kwa sababu timu zetu zinacheza mechi chache mno za kimataifa. Kwa Ulaya nabaki pale pale: wanacheza nyingi kupita kiasi na raundi zimekuwa rundo.

Mgosi wa Makorora

Nawashukuru nyote, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Kocha, nitachora zile raundi kwa chaki kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni, mishale ya anayepita na ya anayeshuka, na kila wiki nitafuta na kuandika majina mapya. Mzee wa baiskeli nimemsomea yote leo mchana. Kasema Shelbourne atawafuata.

Kiingilio cha raundi za kwanza nitakishusha nione kama vijana watakuja. Naomba moja tu la mwisho: saa. Nisije nikafungua nao wameshamaliza.

Kocha wa Chumbageni

Raundi za mwanzo ziangalie ratiba moja moja, maana kila nchi ina saa yake. Almaty wako mbele yetu saa mbili, mechi za kule huanza huku jioni, kwa hiyo fungua mapema. Raundi ya mwisho, Agosti, nyingi ni saa 4 usiku kwa saa zetu. Wakirudisha saa nyuma Oktoba, za Ligi ya Mabingwa zinasogea hadi saa 5. Nitapita na watoto wangu Julai, tuwekee benchi la mbele.