Kukaa katika jukwaa la wenyeji ukiwa shabiki wa wageni: mtu ajiendesheje?

Mgeni Jukwaani aliuliza:

Ndugu wapenzi wa soka, naomba ushauri wenu kuhusu jambo linalonitatiza tangu shemeji yangu aliponialika uwanjani. Yeye ana tiketi ya msimu katika jukwaa la wenyeji, nyuma ya goli, mahali ambapo watu wamekaa pamoja kwa miaka mingi na wanajuana kwa majina. Jirani yake wa kiti cha pembeni atakuwa safarini siku ya mechi ijayo, na mechi hiyo ni dhidi ya timu yangu, ambayo ni mtani wao wa jadi. Tiketi za jukwaa la wageni zilikwisha mapema mno, kwa hiyo kiti hicho ndicho njia pekee niliyobakiwa nayo ya kuingia.

Sina nia ya kuvaa jezi wala kuimba. Ninachojiuliza ni namna ya kuzuia furaha iwapo timu yangu itafunga, na kama ni sawa kupiga makofi wenyeji wakifunga ili nisitambulike, au kama kufanya hivyo ni kuisaliti timu. Aidha, ningependa kujua kama kuna kanuni inayomkataza mtu kama mimi kukaa hapo, au kama ni suala la adabu tu.

Msimamizi wa Geti alijibu:

Ndugu, nimesimamia majukwaa kwa misimu kadhaa, kwa hiyo nitaanza na kanuni. Klabu nyingi, zikiwemo zile za Ligi Kuu ya Uingereza, huandika katika masharti ya kuingia uwanjani kwamba shabiki wa timu ngeni hapaswi kukaa katika sehemu za wenyeji, na kwamba akijidhihirisha kwa mavazi au kwa kushangilia anaweza kutolewa nje. Mlangoni hatumuulizi mtu moyo wake uko wapi. Tunaangalia rangi za nguo, tunasikiliza maneno, kisha tunaangalia nani ameruka wakati wengine wameshika vichwa. Ukitolewa, si lazima uwe umefanya ubaya wowote. Ni kwamba msimamizi mmoja mwenye koti la kung'aa hawezi kumlinda mtu aliyezungukwa na safu kumi za watu waliotoka kufungwa bao.

Lakini jambo ambalo hukuliuliza ndilo zito zaidi. Kiti hicho kina mwenyewe, na klabu humjua mtu kwa namba ya kiti chake. Tafrani ikitokea hapo, atakayeandikiwa barua ya kujieleza ni yule jirani aliye safarini, naye anaweza kusimamishiwa tiketi yake au kuipoteza kabisa kwa ajili ya shangwe yako ya sekunde mbili. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria uso wako utaonekanaje, hakikisha kwamba mwenye kiti anajua ni nani hasa atakayekikalia, na kwamba klabu inaruhusu tiketi ya msimu kuhamishwa kwa mtu mwingine. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini nadhani hawakuwahi kukaa nyuma ya goli siku ya mechi ya watani.

Ukitaka kuelewa kwa nini klabu hulishikilia jambo hili, kumbuka Camp Nou, uwanja wa Barcelona, tarehe 14 Aprili 2022. Wageni, Eintracht Frankfurt wa Ujerumani, walikuwa wamepewa mgao rasmi wa tiketi 5,000, lakini walioingia walikadiriwa kufikia 30,000, wengi wao wakiwa wamekaa katika viti vya kawaida vya wenyeji ambavyo tiketi zake zilikuwa zimeuzwa kwa njia mbalimbali. Barcelona walifungwa 3–2 na kutolewa katika Europa League, na rais wao, Joan Laporta, alisema hadharani kwamba ameaibika. Hata hivyo, usiku ule ulipita bila msiba. Katika uwanja wa Heysel, Brussels, tarehe 29 Mei 1985, mambo hayakuwa hivyo: sehemu iliyoitwa Z ilikusudiwa watazamaji wasio na upande, tiketi zake zikaishia mikononi mwa mashabiki wengi wa Juventus, na kilichowatenga na mashabiki wa Liverpool kilikuwa uzio dhaifu. Mashabiki wa Liverpool waliuvunja na kuwavamia, na watu 39 walikufa. Tangu nijue habari hiyo, sijawahi kuona kichekesho katika swali la nani anakaa wapi.

Beki wa Pembeni alijibu:

Mimi nasema usiende, na sioni haja ya kuzunguka. Mpira wa miguu si tamthilia ambayo mtu huitazama kwa utulivu akiwa ameketi popote. Shabiki anayelazimika kumeza bao la timu yake hajalitazama bao hilo, amelivumilia. Isitoshe, utengano wa mashabiki haukubuniwa na watu wanoko. Nchini Argentina, mwaka 2013, baada ya shabiki mmoja kuuawa huko La Plata, mashabiki wa timu ngeni walizuiwa kabisa kuhudhuria mechi za ligi, na tangu hapo milango imefunguliwa kwao mara chache tu. Nchi yenye mapenzi makubwa namna ile ya soka haikufikia uamuzi huo kwa kupenda. Tazama mechi nyumbani, piga kelele unavyotaka, kisha mwalike shemeji yako siku nyingine.

Kiungo wa Zamani alijibu:

Beki wa Pembeni ana hoja kuhusu hatari, lakini hana hoja kuhusu utazamaji. Nimekaa miongoni mwa wapinzani kwa miaka mingi kwa sababu kazi ilinihamishia mbali na timu yangu, na ningependa kumjibu ndugu yetu kwa yale ninayoyajua.

Watu hudhani kwamba bao ndilo litakalokuumbua. Sivyo. Bao hutangulia kuonekana, kwa sababu mshambuliaji amekwisha kutoroka na kipa ametoka, hivyo unapata muda wa kujiandaa, japo mfupi: unaweka mikono magotini, unauma meno, unatazama nyasi. Kinachomuumbua mtu ni vitu vidogo. Mpira wa wenyeji unagonga mwamba, watu wote wanaguna kwa uchungu, nawe unashusha pumzi ya nafuu kwa sauti inayosikika safu mbili mbele. Au timu yako inafunga, kila mtu amemkodolea macho mfungaji, lakini wewe peke yako umegeuka haraka kumtazama mwamuzi msaidizi kuona kama ameinua kibendera. Jirani yako hatakuwa na haja ya kukuuliza tena. Kisha kuna ulimi: mtu akikuuliza mapumzikoni mchezo unauonaje, ukisema "tunapoteza mipira mingi katikati" wakati wenyeji ndio wanaoimiliki, umejitaja mwenyewe. VAR, yaani mwamuzi wa video, kwa mara moja katika maisha yake, inakuja kama rafiki, kwa sababu bao linapopitiwa uwanja mzima hunyamaza na hakuna anayeshangaa kukuona umetulia.

Kuhusu makofi, ushauri wangu ni usishangilie bao la wenyeji. Simama wanaposimama, maana usiposimama hutaona kitu, lakini usijifanye. Shangwe ya bandia huonekana, na mtu akigundua baadaye kwamba ulikuwa unaigiza atahisi umemdhihaki, jambo ambalo ni baya kuliko kuwa mpinzani. Kupongeza mchezo mzuri ni jambo jingine. Mashabiki wa Real Madrid walisimama na kumpigia makofi Ronaldinho katika uwanja wao wa Bernabéu tarehe 19 Novemba 2005, siku alipofunga mabao mawili na Barcelona wakashinda 3–0. Na wale wa Juventus walifanya hivyohivyo mjini Turin tarehe 3 Aprili 2018, Cristiano Ronaldo, wakati huo mchezaji wa Real Madrid, alipofunga kwa tikitaka. Ukweli usemwe: katika siku zote mbili mechi ilikuwa imekwisha kuwaponyoka wenyeji, na sidhani kwamba makofi hayo yangesikika matokeo yakiwa sare katika dakika ya 88.

Sasa niseme kile ambacho hutakipata nyumbani. Ukikaa jukwaani mwa wapinzani unaisikia timu yako kwa masikio yao. Mimi nilikuwa na kiungo mmoja katika timu yangu ambaye kwa muda mrefu nilimwona mzito na mvivu, mtu wa pasi za kando. Nilipokaa katika jukwaa la wenyeji nikagundua kwamba kila alipogeuka na mpira, watu walionizunguka walinyamaza, na mzee mmoja nyuma yangu alikuwa akinong'ona "mbane, mbane" kabla hata hajapokea pasi. Wao walikuwa wanaona nafasi alizokuwa akizifungua, mimi nilikuwa naona mwendo wake tu. Kwa upande mwingine, winga wao ambaye wiki nzima nilikuwa nimemwogopa alikuwa akitukanwa na watu wake mwenyewe kila aliposhindwa kupiga krosi mapema. Hivyo, ndugu yangu Beki, kutazama kwa namna hiyo hakukosi utamu. Kwenye runinga unampata mtangazaji asiye na cha kupoteza. Jukwaani unawapata watu ambao kila kosa linawauma, na hofu yao ni uchambuzi wa aina yake.

Mgeni Jukwaani aliandika:

Nawashukuru nyote, hata wewe Beki wa Pembeni. Nimemfuata Msimamizi wa Geti: mwenye kiti ameambiwa kwamba mimi ni shabiki wa wageni, amecheka na kukubali, na klabu yao inaruhusu tiketi kuhamishwa kupitia mfumo wake rasmi. Limebaki jambo moja. Mpwa wangu, mtoto wa shemeji huyo, ana miaka tisa na atakaa kati yetu. Anajua vizuri mjomba wake anaishabikia timu gani, na kutunza siri si kipaji chake. Nimkanye mapema asinitaje, au nifanyeje?

Skafu Mbili alijibu:

Kaka, mwache mtoto aseme. Mimi naishi katika nyumba yenye timu mbili, mume wangu upande wake nami upande wangu, na nimejifunza kwamba mgeni anayejulikana ana amani kuliko anayejificha. Mwambie shemeji yako akutambulishe kwa watu wa safu yake kabla mechi haijaanza, kwa utani na kwa sauti ya kawaida: "Huyu ni mjomba wa mtoto, amepotea njia, msimle." Watakutania tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na utani huo ndio utakaokulinda, kwa sababu mtu wa safu ya juu akianza kukufokea, watakaomjibu ni hao majirani. Kumfundisha mtoto wa miaka tisa kumficha mjomba wake, kwa upande mwingine, ni kumwambia kwamba watu anaokaa nao kila wiki ni wa kuogopwa.

Kuna mfano mzuri katika historia. Tarehe 25 Machi 1984, Liverpool na Everton, timu mbili za mji mmoja wa Liverpool, zilikutana katika uwanja wa Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, na familia nyingi za mji huo zilisafiri pamoja, ndugu wa rangi nyekundu na wa rangi ya buluu, wakakaa wamechanganyika majukwaani. Mechi iliisha 0–0 na mashabiki wa pande zote mbili wakaimba jina la eneo lao, Merseyside, kwa pamoja. Liverpool walishinda 1–0 katika mechi ya marudiano. Nakiri kwamba matokeo ya 0–0 yalisaidia sana. Watu hupenda pia kutaja Kombe la Dunia, ambako mashabiki wa nchi mbalimbali hukaa bega kwa bega, kwa kuwa kila shirikisho hutengewa takriban asilimia 8 tu ya tiketi na nyingi zilizobaki huuzwa kwa umma. Lakini mfano huo haukufai wewe. Huko mtu anakaa na jirani ambaye hatamwona tena maishani, ilhali wewe utakutana na shemeji yako kila kwenye shughuli ya familia, na habari za siku hiyo zitasimuliwa hata na watu ambao hawakuwepo.

Beki wa Pembeni aliandika:

Nakubali kwamba kutambulishwa ni bora kuliko kujificha. Bado naona kwamba mechi ya watani si siku ya kujaribia jambo hili. Ingekuwa timu yoyote nyingine, nisingesema neno.

Msimamizi wa Geti aliandika:

Ushauri wa Skafu Mbili naukubali, kwa sharti moja: utambulisho uishie katika safu mbili tatu zinazomfahamu shemeji yako, usifike kwenye vyoo wala kwenye foleni ya vinywaji, ambako hakuna anayemjua mtu. Kama tunavyosema kazini, wanaokuja kulalamika kwetu si wale wanaokaa karibu na mgeni, ni wale walio mbali naye waliosikia tu kwamba yupo.

Kuhusu kutoka, ikiwa timu yako itashinda, usiondoke kabla ya filimbi ya mwisho, kwa maana mtu anayenyanyuka akitabasamu wakati wenyeji wanaisaka sare huonekana na jukwaa zima. Kaa hadi njia za kutokea zipungue watu, mshike mtoto mkono, na usifungue video za mabao kwenye simu mkiwa kwenye ngazi, kwani sauti ya mtangazaji husikika mbali kuliko mtu anavyodhani. Simu za pongezi kutoka kwa wenzako wa upande wa pili zipokee mkishafika kwenye gari. Ikiwa mtashindwa, toka unavyotaka, hakuna atakayekugusa; ila jiandae kwa maneno ya mpwa wako njia nzima ya kurudi.